Hesabu Iliyojificha Ndani ya Video: Jinsi Kompyuta Inavyocheza na Kugeuza Picha

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya manufaa ya hisabati. Baada ya mazungumzo, mwalimu wa kemia aliniomba nimtazamie jambo lililokuwa likimsumbua. Shule yake ilikuwa na video ya dakika 40, iliyopigwa kwa simu na mwalimu mwenzake aliyekwisha kustaafu. Video hiyo ilionyesha hatua kwa hatua jaribio la titresheni: asidi ndani ya flaski, haidroksaidi ya sodiamu ndani ya bureti, na matone machache ya fenolifthalini ya kuonyesha mwisho wa jaribio. Maabara ya shule ilikuwa na bureti mbili tu, na wanafunzi walipita mia moja. Kwa wengi wao, video ile ndiyo iliyokuwa maabara.

Siku ya kwanza ilipochezwa katika kompyuta ya shule, sauti ilisikika lakini kioo kilikaa cheusi. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii akaigeuza kwa programu aliyoipata. Picha ikaonekana, lakini faili jipya lilikuwa kubwa, na flashi ya shule ikalikataa ingawa ilikuwa na nafasi tele. Akaigeuza ile nakala mara ya pili ili ipungue. Flashi ikaipokea, lakini katika kompyuta kuukuu ya darasani picha zikawa zinakwenda kwa kushtukashtuka. Akaigeuza mara ya tatu, safari hii kwa kupunguza ukubwa wa picha. Video ikacheza vizuri. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haba, akafuta faili la kwanza.

Nilipoitazama video ile sikuona kasoro katika mwendo wake. Lakini alama za bureti zilikuwa zimegeuka ukungu wa kijivu, na ile rangi ya waridi hafifu inayotangaza mwisho wa jaribio haikuonekana kabisa. Mwalimu akaniuliza, "Daktari, tufanyeje ili zirudi?" Ilinipasa kumwambia kwamba hazitarudi.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini hazirudi, na ni nini kingefanyika badala yake. Hesabu zinazohitajika hazizidi zile za kidato cha nne.

VIDEO NI RUNDO LA NAMBA

Picha ya sinema, kwa hakika, haitembei. Ni picha nyingi tuli, ziitwazo fremu, zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine kwa haraka hata jicho na ubongo vikaziona kama kitu kimoja kinachotembea. Filamu za majumba ya sinema kwa desturi huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde.

Kila fremu, nayo, imegawanyika katika vidoa vidogo viitwavyo pikseli, vilivyopangwa kwa safu na mistari. Katika picha ya ukubwa unaotumiwa sana leo mna pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kila pikseli huhitaji namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, na kila namba huchukua baiti 1. Basi na tukokotoe:

1920 × 1080 = pikseli 2,073,600 katika fremu moja.
2,073,600 × 3 = baiti 6,220,800 kwa fremu.
6,220,800 × 30 = baiti 186,624,000 kwa sekunde.

Kipindi cha dakika 40 kina sekunde 2400. Kwa hiyo somo zima lingehitaji baiti 447,897,600,000, yaani karibu gigabaiti 448. Flashi ya gigabaiti 32 ingejaa kabla ya dakika 3 kutimia. Hata hivyo, sote tunajua kwamba simu ya kawaida huhifadhi saa kadhaa za video. Faili la dakika 40 lenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde kwa picha, na kilobiti 128 kwa sekunde kwa sauti, huwa na ukubwa wa:

(4 + 0.128) × 2400 ÷ 8 = megabaiti 1238.4

yaani gigabaiti 1.24 hivi. Tukilinganisha picha peke yake, sehemu 373 za namba za awali zimebanwa zikawa sehemu 1. Hizo sehemu nyingine zimekwenda wapi? Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu.

KASHA NA KILICHOMO

Kabla ya kueleza jinsi namba zinavyobanwa, hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya.

Faili la video ni kama kasha. Ndani yake mna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, pengine na maandishi ya tafsiri, pamoja na faharasa inayoonyesha ni wapi kila kitu kilipo na kionyeshwe wakati gani. Kasha hizo ni za namna nyingi. AVI ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992. MP4 ni kasha lililosanifiwa kimataifa, nalo ndilo lililoenea zaidi. MKV, au Matroska, ilianza mwaka 2002. Zile herufi tatu zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili hututajia kasha, wala hazituambii kilichomo.

Kilichomo hubanwa kwa kanuni iitwayo kodeki, ambayo tunaweza kuifananisha na lugha. Mwaka 2003 ilitangazwa kodeki ya H.264, ambayo mpaka leo inaeleweka na karibu kila chombo. Mwaka 2013 ikafuata H.265, na mwaka 2018 ikatoka AV1. Kadiri kodeki ilivyo mpya, ndivyo inavyobana zaidi kwa ubora ule ule, na ndivyo inavyoitaka kompyuta ifanye kazi kubwa zaidi.

Sasa kile kioo cheusi kinaeleweka. Programu ya kompyuta ya shule ililifahamu kasha na lugha ya sauti, lakini haikuifahamu lugha ya picha. Simu nyingi za miaka hii hupiga video kwa H.265, na kompyuta nyingi za zamani hazina programu ya kuifasiri. Kubadili jina la faili kutoka herufi moja hadi nyingine hakusaidii kitu, kwa maana kuandika neno "sukari" juu ya mkebe wa chumvi hakuifanyi chumvi kuwa tamu.

Tukio jingine lijulikanalo sana ni la faili la MP4 linalokataa kabisa kufunguka baada ya simu kuzimika ghafla katikati ya kupiga picha. Kwa kawaida faharasa ya kasha hilo huandikwa mwishoni, upigaji unapokamilika. Simu ikizimika kabla ya hapo, picha zote huwa zimo, lakini kompyuta haijui pa kuanzia. Ni kitabu chenye kurasa zote zisizo na namba.

KUBANA KWANZA: MWANGA NA RANGI

Jicho la binadamu hutambua tofauti ndogo za mwanga kwa makini kuliko tofauti ndogo za rangi. Wahandisi walitumia udhaifu huo. Badala ya kuhifadhi nyekundu, kijani na buluu, kompyuta hukokotoa namba moja ya mwanga na namba mbili za rangi. Katika kanuni iliyotungwa kwa ajili ya televisheni za kawaida, mwanga ni 0.299 ya nyekundu, pamoja na 0.587 ya kijani, pamoja na 0.114 ya buluu. Mwanafunzi ataona kwamba jumla ya namba hizo ni 1, na kwamba kijani ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa kuwa jicho letu huiona kuwa angavu zaidi.

Namba za mwanga huhifadhiwa zote. Namba za rangi huhifadhiwa moja kwa kila kikundi cha pikseli nne. Basi kila pikseli nne, ambazo zilihitaji namba 12, sasa huhitaji namba 6 tu: nne za mwanga na mbili za rangi. Nusu ya mzigo imeondoka, na mtazamaji wa kawaida hatambui. Lakini angalia: rangi sasa imekuwa na pikseli 960 kwa 540 tu. Jambo hili tutalikumbuka tutakaporudi kwenye rangi ya waridi.

KUBANA PILI: MIRABA NA MAWIMBI

Hatua ya pili hufanyika ndani ya fremu moja. Fremu hukatwa katika miraba midogo, kwa mfano ya pikseli 8 kwa 8, yaani namba 64. Namba hizo hugeuzwa kwa kanuni itumiayo kosaini, zikawa namba nyingine 64 zinazoeleza ni mawimbi gani yamo ndani ya mraba: mawimbi mapana yanayobadilika polepole, kama kivuli ukutani, na mawimbi membamba yanayobadilika upesi, kama nywele au mistari ya rula. Katika picha nyingi mawimbi mapana huwa na namba kubwa, na mengi ya yale membamba huwa na namba ndogo karibu na sifuri.

Kanuni hiyo ilichapishwa Januari 1974 na Nasir Ahmed, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Ahmed mwenyewe alieleza baadaye kwamba mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti huo kutoka shirika la taifa la sayansi la Marekani, akanyimwa kwa kuwa wazo lake lilionekana kuwa jepesi mno. Aliendelea hata hivyo. Leo wazo hilo limo katika picha za JPEG na katika karibu kila video iliyopigwa kwa simu. Kodeki za sasa hutumia miraba ya ukubwa mbalimbali na hesabu iliyorahisishwa, lakini msingi ni ule ule.

Kufikia hapo hakuna kilichopotea. Kwa kinyume cha kanuni tungeweza kuzipata tena namba za mwanzo. Hasara huingia katika hatua inayofuata, ya kugawanya na kukadiria. Kila namba hugawanywa kwa kigawanyo, kisha jawabu hukadiriwa kuwa namba kamili. Tuchukue kigawanyo 10. Namba 47 hutoa 4.7, inayokadiriwa kuwa 5. Wakati wa kucheza, 5 huzidishwa kwa 10, tukapata 50 badala ya 47. Namba 3 hutoa 0.3, inayokadiriwa kuwa 0, na sifuri hubaki sifuri hata ukiizidisha kwa nini. Ile 3 imepotea milele.

Namba ndogo, ambazo ni maelezo madogo ya picha, ndizo zinazofutika kwanza. Ukitaka faili dogo zaidi, programu huongeza kigawanyo, na namba nyingi zaidi huangukia sifuri. Baadaye miraba yenyewe huanza kuonekana kwa macho, hasa penye anga au ukuta.

KUBANA TATU: KUTORUDIA YALIYOKWISHA SEMWA

Katika video ya titresheni, ukuta, meza na kishikizo cha bureti havitembei kwa dakika 40. Hapana haja ya kuvieleza upya mara 30 kila sekunde. Kwa hiyo kompyuta huhifadhi fremu moja kamili, kisha katika fremu zinazofuata huandika tofauti tu: mraba huu umebaki pale pale; mraba ule, wenye kidole cha mwalimu, umesogea pikseli 5 kulia; na mabadiliko madogo yaliyobaki ni haya. Fremu nyingine hutabiriwa kutokana na fremu iliyotangulia na ile itakayofuata kwa pamoja. Ndiyo sababu ndani ya faili fremu hazipangwi kwa utaratibu wa kuonyeshwa. Ile ya mbele yaweza kuandikwa kwanza, kwa kuwa zile za katikati zinaitegemea.

Mtumiaji huliona jambo hili anaporuka ghafla hadi katikati ya video. Programu hulazimika kurudi kwenye fremu kamili iliyo karibu na kuanza kujenga kutoka hapo. Fremu kamili ikiharibika, picha hujaa mabaka na viraka hadi fremu kamili nyingine ifike.

KUBANA NNE: ALAMA FUPI KWA KILICHO KINGI

Mwishowe, namba zilizobaki huandikwa kwa alama za urefu mbalimbali. Ile inayotokea mara nyingi hupewa alama fupi, na ile ya nadra hupewa ndefu. Njia bora ya kugawa alama hizo ilichapishwa mwaka 1952 na David Huffman. Kodeki za sasa hutumia pia njia nyingine zilizo kali zaidi. Hatua hii haipotezi chochote. Na kwa kuwa hatua ya pili imeacha sifuri nyingi, sifuri hizo huandikwa kwa biti chache mno.

KUCHEZA NI KUBANUA KWA WAKATI

Kucheza video ni kuzifuata hatua zile kwa kinyume. Lakini liko sharti moja gumu: muda. Kwa fremu 30 kila sekunde, kompyuta ina milisekunde 33 hivi za kubanua kila fremu. Ikiwa yahitaji milisekunde 50, itaweza fremu 20 tu kwa sekunde. Nyingine itaziruka, na mtazamaji ataona mwendo wa kushtukashtuka. Kompyuta nyingi zina sehemu ya umeme iliyotengenezwa mahsusi kwa kubanua kodeki fulani. Kodeki isiyofahamika kwa sehemu hiyo huangukia prosesa, ambayo katika mashine ya zamani huelemewa.

Kwa upande wa programu, zipo zinazobeba ndani yake ufasiri wa kodeki nyingi, wala hazitegemei zilizomo katika kompyuta. Mojawapo ni VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris nchini Ufaransa, ikatolewa huria kwa watu wote mwaka 2001. Nyingine, ya kugeuzia, ni FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard. Zote mbili hupatikana bila malipo.

KUGEUZA KUNA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni kubadili kasha tu. Mikondo ya picha na sauti hutolewa katika kasha moja na kuwekwa katika jingine bila kuguswa. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, kwani ni kunakili tu, na ubora haupungui hata kidogo. Kwa FFmpeg amri yake ni:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo.mp4

Namna ya pili ni kubadili kodeki. Hapo kila fremu hubanuliwa na kubanwa upya, hatua zote nne tulizozieleza. Kazi hii yaweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe, na mara zote hupitia tena mahali pa kugawanya na kukadiria. Amri yake kwa H.264 ni:

ffmpeg -i somo.mov -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac -b:a 128k somo.mp4

Namba inayofuata crf hupanga ubora. Huanzia 0 hadi 51. Iliyo ndogo huhifadhi zaidi na kutoa faili kubwa zaidi. Mtumiaji asipoitaja, programu hutumia 23.

Watu wengi hufanya namna ya pili pale ambapo ya kwanza ingetosha, au pale ambapo hapakuhitajika kugeuza kabisa.

NAKALA YA NAKALA

Turudi kwenye namba 47. Tuseme tunataka faili dogo, lenye kigawanyo 14. Tukianza na namba ya asili, 47 ÷ 14 ni 3.36, inayokadiriwa kuwa 3. Ikizidishwa kwa 14 hutoa 42. Kosa ni 5. Lakini tukianza na nakala ambayo 47 yake ilikwisha kuwa 50, basi 50 ÷ 14 ni 3.57, inayokadiriwa kuwa 4. Ikizidishwa hutoa 56. Kosa ni 9. Faili la mwisho lina kigawanyo kile kile, lakini kosa limekaribia kuwa maradufu kwa sababu tu tulinakili nakala. Ni kweli kwamba mara nyingine makosa mawili hufutana. Lakini video ina mamilioni ya namba kama hizi, na kwa jumla makosa hujilimbikiza.

Tofauti kati ya kimiminika kisicho na rangi na kile chenye waridi hafifu ni ndogo sana. Kwa mfano wetu, ni namba 3 mbele ya kigawanyo 10. Tena rangi ilikwisha kupunguzwa tangu awali hadi robo ya pikseli. Ndiyo maana mwisho wa jaribio ulitoweka, hali sura ya mwalimu na koti lake vilionekana vizuri.

ALAMA ZA BURETI

Alama za bureti zilipotea kwa sababu nyingine, ambayo hata kigawanyo kidogo kisingeizuia. Bureti ya kawaida ina alama kila sentimita za ujazo 0.1. Katika video ile kamera ilionyesha sehemu ya bureti ya sentimita za ujazo 25, yaani nafasi 250, zikienea pikseli 1000 hivi za urefu wa picha. Kila nafasi ilipata pikseli 4.

Kanuni ya sampuli, inayohusishwa na majina ya Harry Nyquist na Claude Shannon, yatuambia kwamba ili muundo unaojirudia uonekane, kila mrudio lazima upate zaidi ya sampuli 2. Alama moja na uwazi unaoifuata ni mrudio mmoja. Pikseli 4 zinatosha. Mwanafunzi alipopunguza picha kutoka mistari 1080 hadi 480, zile pikseli 1000 zikawa 444, na kila nafasi ikapata pikseli 1.78. Imeshuka chini ya 2. Hakuna programu iwezayo kuzirudisha alama hizo zilivyokuwa. Itakachoweza ni kubuni mistari inayofanana nazo, na bureti yenye alama za kubuni haifai kusomwa na mwanasayansi.

Angepunguza hadi mistari 720 tu, kila nafasi ingebaki na pikseli 2.67. Alama zingesomeka kwa shida, lakini zingesomeka. Na iko njia iliyo bora kuliko hiyo. Bureti ni ndefu na nyembamba. Angekata kingo za kushoto na kulia, akabakisha ukanda wa pikseli 608 kwa 1080, angepata pikseli 656,640 kwa fremu, pungufu ya zile 921,600 za picha ya 1280 kwa 720. Kompyuta kuukuu ingepumua, na kila nafasi ya bureti ingebaki na pikseli zake 4 kamili.

YALIYOWEZA KUFANYWA

Tuyapime sasa matatizo matatu ya shule ile. La kwanza, kioo cheusi, lilihitaji programu yenye kuifahamu kodeki, halikuhitaji kugeuza. La pili, flashi kukataa faili, halikutokana na ukosefu wa nafasi. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja lizidilo baiti 4,294,967,295. Kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhamisha kwanza vilivyomo, kungemaliza tatizo. La tatu tu, mashine kuelemewa, ndilo lililohitaji kugeuza kodeki na kupunguza picha; nako kungefanywa mara moja, kutoka faili la asili.

Kwa walimu wenye video za masomo, napendekeza utaratibu huu:

1. Faili lililotoka katika simu au kamera lisiguswe. Lihifadhiwe mahali pawili tofauti, kwani flashi huharibika na kompyuta huibwa.
2. Kabla ya kugeuza, chunguza kasha na kodeki. Programu ya VLC huonyesha habari hizo.
3. Jaribu programu nyingine ya kuchezea kabla ya kugeuza.
4. Ikiwa kasha tu ndilo halifai, badili kasha tu.
5. Ukilazimika kubadili kodeki, anza na faili la asili, wala usianze na nakala.
6. Geuza kwanza dakika moja yenye sehemu ngumu, kama vile alama ndogo au rangi hafifu, uitazame katika mashine itakayotumika, ndipo ugeuze video nzima.
7. Usifute chochote kabla ya kuitazama nakala yote mpaka mwisho.

ZOEZI LA DARASANI

Wanafunzi wapige kwa simu video ya dakika moja ya rula yenye milimita, ikiwa imesimamishwa ukutani. Waigeuze kwa crf 18, 28, 38 na 48, kila mara kutoka faili la asili, waandike ukubwa wa kila faili na kuchora grafu. Kisha waigeuze kwa crf 28 mara tano mfululizo, kila nakala ikitokana na iliyotangulia, na kuilinganisha ya tano na ya kwanza. Mwisho wakokotoe kila milimita ilipata pikseli ngapi, na watabiri ni kwa mistari mingapi alama zitatoweka, kabla ya kujaribu.

Shule ile haikulipata tena faili la mwalimu mstaafu. Muhula uliofuata mwalimu wa kemia alipiga video nyingine kwa bureti zile zile mbili. Safari hii kamera ilisogezwa karibu hadi sentimita za ujazo 5 zikaenea kioo chote, pikseli 20 kwa kila alama, na karatasi nyeupe iliwekwa nyuma ya flaski ili waridi ionekane. Aliniandikia kwamba faili la asili limo katika kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule na katika flashi iliyofungiwa kabatini, na kwamba yule mwanafunzi aliyefuta la kwanza ndiye aliyekabidhiwa funguo.